Neno "na" katika Kiswahili na lugha nyingine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa lugha, walimu wa Kiswahili, na zaidi ya wote Waswahili walio ughaibuni, ambao wakiwa kazini Doha au chuoni Moscow huisikia "na" ikitoka kinywani mwa mtu asiyejua hata salamu ya Kiswahili. Herufi ni mbili tu, lakini zinatosha kuonesha jinsi lugha zinavyorithi, zinavyokopa na zinavyofanana bila kujuana. Tunaanza nyumbani, kisha tunatoka.

Katika Kiswahili chenyewe, "na" ina kazi ngapi?

Nyingi kuliko tulizofundishwa shuleni. Inaunganisha majina: chai na mkate. Inaonesha kuwa pamoja: nimekuja na mama. Inamtaja mtenda katika kauli ya kutendwa: ameumwa na nyoka. Inabeba umiliki: nina shamba, hana neno. Inaeleza kuwapo: kuna, pana, mna. Ina maana ya "pia" tunaposema "na mimi nimo", na inahimiza tunaposema "na tuanze". Ongeza hesabu na saa, kumi na moja, saa mbili na robo.

Halafu lipo kundi ambalo watu hulipita bila kulitazama: karibu na, sawa na, tofauti na, mbali na. "Karibu na mji" haishangazi mtu. Lakini "mbali na mji", "kuachana na mume", "kutengana na ndugu"? Hapo pande mbili zimeshaachana, na bado Kiswahili kinazishika kwa "na". Kwa hiyo si sahihi kusema "na" maana yake ni ukaribu. Inachofanya ni kuleta upande wa pili ili upande wa kwanza upimwe nao. Kama wako pamoja au wametengana, hilo linaamuliwa na neno lililotangulia. Mimi naona huu ndio moyo wa neno lenyewe, na kamusi nyingi huupitia haraka mno.

Je, ni ajabu kwamba "chai na mkate" na "nimekuja na mama" zinatumia neno moja?

Si ajabu hata kidogo, ingawa aliyesoma Kiingereza au Kiarabu huona hivyo, kwa kuwa Kiarabu kina "wa" kwa la kwanza na "maa" kwa la pili. Mwanaisimu Mholanzi Leon Stassen alilinganisha lugha 234 za dunia kwa jambo hili hasa. Katika lugha 131 maneno yalikuwa mawili tofauti. Katika 103 lilikuwa moja, kama letu. Ulaya na Mashariki ya Kati wanapenda kutenganisha. Afrika kusini mwa Sahara tumezoea kutumia moja. Kihausa kinasema "da" kwa yote mawili, na Kijapani, mbali kabisa na sisi, kinasema "to" kwa yote mawili.

Kazi hizo zikigongana inakuwaje?

Zinagongana, na wakati mwingine kwa gharama. Chukua sentensi hii: "Amefukuzwa na mkewe." Ina habari mbili. Katika ya kwanza mke ndiye aliyemtoa mume nyumbani. Katika ya pili mume na mke wote wametolewa, labda na mwenye nyumba. Ukiisikia, sauti itakusaidia, kwa sababu msemaji hutua kidogo kabla ya "na mkewe" akikusudia wawili. Ikichapishwa gazetini, msaada huo haupo. "Alionekana na Asha" nayo ni hivyohivyo: Asha ndiye aliyemwona, au wameonekana wawili?

Dawa ni rahisi na waandishi makini wanaijua. Ukikusudia wawili, andika "pamoja na mkewe" au "yeye na mkewe wamefukuzwa". Ukikusudia mtenda, geuza sentensi: "Mkewe amemfukuza." Kwenye mkataba, wosia au maelezo ya polisi, usiiachie "na" pekee yake kazi hii.

Je, -na- ya "anasoma" ndiyo "na" hiyohiyo?

Asili yake, ndiyo. Ndivyo wanavyoiona wanaisimu wengi wa lugha za Kibantu. Njia ilikuwa hivi: mtu "ana kusoma", yaani yuko na kusoma, kazi ya kusoma iko naye, kisha maneno yakashikana yakawa "anasoma". Mwanaisimu Mjerumani Bernd Heine ameonesha kwa mifano mingi, ya Afrika hasa, kwamba lugha huunda njeo ya tendo linaloendelea kutokana na "kuwa mahali" au "kuwa na".

Leo hata hivyo hizo ni mofimu mbili, yaani vipande viwili tofauti vya maneno, na kukanusha kunalionesha hilo. "Ana kitabu" inakuwa "hana kitabu", na "na" imebaki. "Anasoma" inakuwa "hasomi", na -na- imetoweka. Mwanafunzi anayeandika "hanasoma" amezichanganya hizo mbili, na kosa lake lina mantiki kuliko mwalimu anavyodhani.

"Niko na njaa" ni kosa?

Katika Kiswahili sanifu tunaandika "nina njaa", na mtihani ukidai sanifu, mwalimu ana haki ya kutumia wino mwekundu. Lakini sikubaliani na wanaoiita "niko na" uharibifu wa lugha. Inasemwa bara la Kenya kila siku, na inasemwa Kongo. Tazama njeo nyingine: nilikuwa na njaa, nitakuwa na njaa, nikiwa na njaa. Kote humo sanifu yenyewe inatumia kitenzi cha kuwa kikifuatwa na "na". Wakati uliopo ndio peke yake wenye umbo fupi. Anayesema "niko na" amesawazisha safu iliyokuwa imeinama, na Kilingala kilishafika huko: "nazali na nzala", nina njaa, ambapo "zala" ni kuwa.

Nasikiliza rumba ya Kongo. Kwa nini kila sentensi ina "na"?

Kwa sababu Kilingala kimeibebesha mizigo mingi kuliko sisi. Katika "nalingi yo", nakupenda, ile "na" ya mwanzo ni mimi, kama ni- yetu. Katika "yo na ngai" ni kiunganishi, wewe na mimi. Katika "nazali na mbongo", nina pesa, zimo zote mbili: ya kwanza ni mimi, ya pili ni umiliki. Na katika "nazali na Kinshasa" ya pili ni mahali: niko Kinshasa.

Mtego kwa Mswahili ni "nazali na ndako". Anayesikia atatafsiri papo hapo "nina nyumba", na huenda mwenzake anamwambia kwenye simu kwamba yuko ndani ya nyumba. Muktadha ndio unaoamua, hata kwa Mkongo mwenyewe.

Lugha nyingine za Kibantu zinayo?

Nyingi zinayo. Kinyarwanda, Kirundi, Kikuyu, Kishona, Kiganda, Kizulu, zote zina "na" ya kuunganisha au ya kuwa pamoja. Sura inabadilika kidogo mahali irabu zinapokutana. Mganda husema "omusajja n'omukazi", mwanamume na mwanamke. Mzulu huziyeyusha irabu kabisa: na + abantu ni "nabantu", na + inja ni "nenja", na + umuntu ni "nomuntu". Ukijua kwamba a na i huzaa e, na a na u huzaa o, utaiona "na" hata pale ilipojificha. Mzulu pia ana "na" nyingine mwishoni mwa swali, "Uyaphila na?", u mzima? Hiyo inafanya kazi ya "je" yetu, tena imekaa mwisho badala ya mwanzo.

Huku kufanana si bahati. Wanaisimu waliojaribu kuijenga upya lugha mama ya Kibantu wameiweka "na" humo, na hawakutegemea silabi hiyo moja. Walikuwa na maneno mamia yanayofuatana kwa utaratibu: njaa ya Kiswahili ni njala kwa Wachewa na nzala kwa Wakongo, tatu yetu ni tatu kwa Kishona, thathu kwa Kizulu, sato kwa Kilingala. Sauti hubadilika, lakini hubadilika kwa mpango, na huo mpango ndio ushahidi.

Kihausa kinasema "yana zuwa" kwa "anakuja". Si ndugu yetu huyo?

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, na sishangai. Sikiliza: yana zuwa, anakuja, suna zuwa, wanakuja, muna zuwa, tunakuja. Kiambishi cha mtu, kisha "na", kisha tendo, kama kwetu kabisa. Lakini endelea kidogo. "Kuna zuwa" ni mnakuja, wakati "kuna" yetu ni kuwapo kwa kitu. "Yana da kudi" ni ana pesa: hapo kuwa pamoja kumebebwa na "da", na "na" haihusiki. "Na tafi" ni nilikwenda, na "na" hiyo ni mimi. "Na uku" ni wa tatu. Ukivuta uzi mmoja, nguo nzima inaonekana ni nyingine. Kihausa kiko katika ukoo mmoja na Kisomali, Kiamhara na Kiarabu, wala si ukoo wa Kibantu.

Kiigbo ni jambo gumu zaidi. "Ada na Obi" ni Ada na Obi. "Na Lagos" ni huko Lagos. "Ọ na-eri nri" ni anakula chakula. Kuunganisha, mahali, tendo linaloendelea! Kiigbo na Kibantu vina undugu wa mbali unaokubalika. Hata hivyo lugha mbili kuwa ndugu hakufanyi kila silabi ya huku kuwa ndugu wa ile ya kule. Kila moja lazima ithibitishwe peke yake.

Na wale wanaotazama filamu za Nigeria: "na me", "na so", "na wa" ni pijini, lugha ya mchanganyiko iliyotokana na Kiingereza, na "na" humo ni "ni" yetu. Na me, ni mimi. Na so, ndivyo.

Ni kweli kwamba "na" ya Kiarabu imo ndani ya Kiswahili?

Imo, tunaitamka kila siku bila kuiona. Kiarabu kina kiambishi -na, chenye a ndefu, kinachomaanisha sisi au -etu. Rabbana ni Mola wetu. Maulana ni bwana wetu, nasi tumelifanya jina la watu. Msiba ukitokea tunasema "inna lillahi wa inna ilaihi rajiun", na ndani ya hiyo "inna" mna mawili: hakika, na sisi. Hakika sisi ni wa Mwenyezi Mungu.

Waswahili wa Muscat wanaosema lugha zote mbili wana mfano mzuri zaidi. "Indana" kwa Kiarabu ni tunacho, kwetu kuna. Sikio la Kiswahili linasikia -na mwishoni na kuridhika kwamba hiyo ndiyo inayobeba umiliki. Kumbe umiliki umo katika "inda", kwetu au kwa mtu, na -na ni sisi tu. Badili mtu: "indak", unacho, na ile -na imeondoka.

Na kanisani?

Imo pia, tena mbili zisizo moja. "Hosana" ya Jumapili ya Matawi ilitokana na Kiebrania "hoshia na", maneno ya Zaburi 118: okoa, twakusihi. "Na" hiyo ni ya kuomba, tafadhali. Ya pili imo katika "Maranatha" ya 1 Wakorintho 16, ambayo ni Kiaramu. Wapo wanaoigawa marana tha, Bwana wetu njoo, na wapo wanaoigawa maran atha, Bwana wetu amekuja. Kwa vyovyote, mwisho wa lile neno la kwanza ni "wetu", ndugu halisi wa -na ya Rabbana. Msikitini na kanisani wanaitamka silabi moja yenye asili moja, na wachache sana wanajua.

Katika filamu za Kihindi, "na" ya mwisho wa sentensi ni nini?

Ni kukanusha kulikogeuka kuwa kubembeleza. "Na" ya Kihindi na Kiurdu asili yake ni si au hapana, na Mwajemi hadi leo akikataa kitu husema "na". Ikija mwishoni, "hai na?", ni sawa na "sivyo?" yetu. Kiswahili nacho kimepita njia hiyo: tunachukua neno la kukana tukaombea kuungwa mkono. Kisha ikaendelea hadi ombi: "aao na", njoo basi. Ni ndugu wa "ne" ya Kirusi na Kifaransa na "no" ya Kiingereza, na undugu huo umethibitishwa kwa utaratibu uleule tuliouona kwenye njaa na nzala.

Warusi nao husema "na" kila wakati. Ni ile ya Wahindi?

Hapana, ingawa Kirusi na Kihindi ni ukoo mmoja. "Na" ya Kirusi, Kipolandi na Kiserbia ni juu ya: "na stole", juu ya meza. Imetokana na neno jingine la kale, ndugu wa "on" ya Kiingereza na "an" ya Kijerumani. Katika Kibulgaria imesogea hadi kuwa -a ya umiliki, "knigata na Ivan", kitabu cha Ivan. Na Mrusi akikunyoshea kitu akasema "na!", anakuambia shika, chukua.

Wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaosoma Urusi hukutana na kanuni inayowagusa moja kwa moja. Nchi kwa kawaida hutanguliwa na "v", ndani ya: v Kenii, v Tanzanii. Visiwa hutanguliwa na "na": na Zanzibare. Hakuna siasa hapo, ni desturi ya visiwa. Kuba na Madagaska zinatendewa hivyohivyo. Siasa iko Ukraine. Kwa muda mrefu Warusi walisema "na Ukraine", kama mtu anayetaja jimbo au ukanda fulani. Baada ya uhuru wa 1991 Waukraine waliona maneno hayo yanawashusha, na mwaka 1993 serikali yao ikaomba Kirusi kitumie "v Ukraine", kama inavyofanyiwa nchi yoyote. Hadi sasa, herufi hizo mbili zinaonesha msemaji yuko upande gani. Ukijifunza Kirusi, fahamu unachosema kabla ya kulichagua.

Msumbiji?

Kireno "na" ni katika, kwa majina ya kike tu: na praia, ufukweni, na Tanzânia, nchini Tanzania. Majina ya kiume huchukua "no", no Quénia, na Msumbiji yenyewe haichukui hata moja: em Moçambique. Kwenye pwani ya Cabo Delgado, ambako Kimwani na Kiswahili vinakutana na Kireno, mtu mmoja huzitumia zote ndani ya dakika moja na hajikwai.

Asili yake inafurahisha. Walatini walisema "in illa", ndani ya ile. Karne kadhaa za kutamka haraka zikala mwanzo, zikala katikati, ikabaki na. Wagiriki walifanya jambo kama hilo: "hina", ili, ilikatwa kichwa ikawa "na", na leo "thelo na pao" ni nataka kwenda. Kwa hiyo Mreno na Mgiriki wamefikia silabi ileile kutoka sehemu tofauti, na Mkongo mwenye "na Kinshasa" alifika kwa njia yake.

Nafanya kazi Ghuba na Wafilipino. "Na" yao ni nini?

Mara nyingi ni "sasa, tayari", ile -sha- yetu. "Kumain na ako", nimeshakula. "Pagod na ako", nimechoka sasa. "Tara na", haya twende. Kazi yake ya pili ni kulishikanisha jina na sifa yake.

Asia Mashariki kuna maana gani?

Kwa Mkorea "na" ni mimi, lakini mimi ya kusema na rika au mdogo wako. Mbele ya mkubwa husema "jeo". Vijana wetu waliojifunza Kikorea kwenye tamthilia wazingatie hilo, kwani kule nako heshima ni jambo zito.

Mjapani ana "na" inayounganisha sifa na jina, "shizuka na heya", chumba kitulivu. Ana "na" ya kukataza, "taberu na", usile. Ana "na" ambayo ni jina la mtu au kitu, na nyingine ambayo ni mboga za majani. Kwenye maandishi hazichanganyiki, kwa sababu jina na mboga zina alama zake.

Wachina wanatofautisha kwa toni. Ikishuka, nà, ni ile. Ikipanda, ná, ni chukua. Ikizama kisha ikainuka, nǎ, ni ipi. Wathai wamefika mbali zaidi: irabu ikivutwa, kwa toni moja ni shamba la mpunga, kwa nyingine ni uso, kwa nyingine ni nene, na kwa nyingine ni mdogo wake mama. Ikifupishwa mwishoni mwa sentensi inalainisha maneno. Kwa Wavietnamu wa kaskazini ni tunda, lile tunaloliita topetope.

Kwa nini silabi hii imetapakaa hivyo?

Kwa sababu mbili zinazokutana. Kwanza, sauti n na sauti a zimo karibu katika kila lugha. Zisizo na n ni chache mno, kama Kirotokas cha kisiwa cha Bougainville. Silabi nyepesi ya konsonanti moja na irabu moja ni chache: Kiswahili kina zaidi ya mia moja kidogo, Kijapani karibu idadi hiyo. Lugha za dunia ni takriban 7,000. Haiwezekani zisigongane.

Pili, neno linalotumika sana hufupika. George Kingsley Zipf wa Chuo Kikuu cha Harvard alilionesha hilo kwa hesabu katika nusu ya kwanza ya karne ya 20: maneno yanayorudiwa mara nyingi ndiyo mafupi. Na maneno yanayorudiwa mara nyingi ni yaleyale kila mahali: na, katika, si, mimi, ile, sasa. Yote yanasukumwa kuelekea kwenye silabi hizohizo chache. Ndiyo maana "na" ya lugha moja ni nadra kumaanisha tembo au mlingoti. Topetope la Vietnam ni miongoni mwa hayo machache, na nadhani ndiyo maana halisahauliki.

Mbona "mama" inafanana kila mahali na maana pia inafanana?

Hiyo ina sababu yake. Mwanaisimu Roman Jakobson alieleza kwamba watoto wachanga huanza na sauti za midomo, m na b na p, na wazazi hujitwalia sauti hizo kuwa majina yao. Lakini hata hapo maana haijafungwa: kwa Kijojia "mama" ni baba, na mama ni "deda". Kwa Kirusi "baba" ni bibi.

Nimeona video inayosema Kiswahili na Kijapani ni ndugu kwa sababu maneno yanafanana. Niamini?

Usiamini, na tafadhali usiisambaze. Maneno mafupi kufanana hakuthibitishi lolote, hata maana ikilingana. Katika lugha ya Mbabaram ya Queensland, Australia, mbwa aliitwa "dog", sawasawa na Kiingereza. Mwanaisimu Robert Dixon alipofuatilia, akakuta limetokana na "gudaga", neno la lugha jirani na la zamani, lililopoteza silabi moja moja. Wazungu hawakuhusika kabisa.

Ukitaka kupima undugu, uliza maswali haya. Je, yako maneno mengi, hasa ya mwili, namba na vitendo vya kila siku? Je, sauti zinatofautiana kwa mpango unaorudiwa? Je, viambishi vinakaa mahali pamoja? Historia ya watu wetu ina ushahidi mzito wa kutosha, haihitaji kusimamishwa juu ya silabi moja.

Mwanangu anakua na Kiswahili na Kireno. "Na" mbili zitamchanganya?

Hapana. Watoto wa lugha mbili hutenganisha sarufi mapema kwa sababu hawasikii neno likiwa peke yake. Wanalisikia mahali pake. Atachanganya maneno kwa muda, kama tunavyochanganya sisi wakubwa, lakini hatasema "na" ya Kireno akikusudia ya Kiswahili. Endelea kusema naye Kiswahili.

Nikisikia "na" katika lugha nisiyoijua, nianzie wapi?

Anza na mahali ilipokaa. Ikiwa kati ya majina mawili, shuku kuunganisha au umiliki. Ikiwa kabla ya jina la mji, shuku mahali. Ikishikamana na kitenzi, angalia kama inabadilika mtu akibadilika: ikibadilika huenda ni "mimi", isipobadilika huenda ni wakati. Ikiwa mwisho wa sentensi, sikiliza kama mwenzake anajibu. Akijibu, ilikuwa swali au ombi. Kisha mwulize msemaji akurudie sentensi hiyo kwa kukanusha, kama tulivyofanya kwa "hana" na "hasomi". Hapo utajua zaidi kuliko kwa kuuliza maana yake.